Ngoma za Kilosa na Shahada za Udaktari: Utafiti Huu ni wa Nani?

Wapo makada wanaoona kwamba kumgharimia mtu miaka mitatu au minne ili apate shahada ya udaktari katika historia ya ngoma, hadithi na michezo ya wananchi ni anasa. Nchi inahitaji waganga, wahandisi na mabwana shamba, wanasema. Mambo ya kucheza yasubiri. Wapo pia wanafunzi wanaoikimbilia shahada hiyo hiyo kwa sababu nyingine: wafadhili wa nje wanaipenda, safari zake ni nyingi, na mwisho wake kuna cheo.

Misimamo hii miwili inaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja. Yote inachukulia kwamba burudani ya umma ni pambo, na kwamba utafiti ni mali ya mtafiti. Makala hii inaipinga yote miwili, kwa kutazama mfano mmoja tunaoweza kuupima: kazi za kitaaluma zilizoandikwa juu ya sanaa na mila za wilaya ya Kilosa, na pengo lililobaki kusini mwa wilaya hiyo, upande wa Mikumi.

BURUDANI HAIKUWA JAMBO DOGO KWA WATAWALA

Anayedhani kwamba burudani haistahili fedha ya utafiti awatazame watawala walivyoihesabu. Mwaka 1807 Napoleon alitoa amri ya kupunguza kumbi za maigizo za Paris hadi nane. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, michezo ya kuigiza na nyimbo zilizoimbwa katika mikahawa ya mji huo zilipaswa kupita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa serikali, na ukaguzi huo ulikoma mwaka 1906 tu. Dola yenye majeshi na makoloni iliona haja ya kusoma ubeti wa mwimbaji wa mkahawani kabla wafanyakazi hawajausikia, kwa kuwa ilijua kwamba mtu anayecheka pamoja na wenzake anaanza pia kufikiri pamoja nao.

Ufaransa hiyo hiyo inatupa upande wa pili wa somo. Kuanzia mwaka 1877, bustani ya Jardin d'Acclimatation mjini Paris iliwaonyesha watu walioletwa kutoka Afrika na mabara mengine, na watazamaji walilipa kiingilio kama wanaolipa kuona wanyama. Nayo ilikuwa burudani. Ilimzoeza mfanyakazi wa Paris, ambaye mwenyewe alinyonywa, kumdharau Mwafrika ambaye dola yake ilikuwa ikijiandaa kumtawala. Kwa hiyo burudani ya umma inaweza kumwamsha mtu na inaweza kumlaza. Inategemea iko mikononi mwa nani.

Hapa kwetu mambo hayakuwa tofauti. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walipojenga kituo Mamboya, katika milima ya Ukaguru, mwishoni mwa karne ya 19, hawakuridhika kufundisha dini na kusoma. Walipambana na ngoma, pombe, jando na unyago. Walitambua kwamba pale uwanjani palikuwa na shule yenye walimu wake, mitaala yake na mitihani yake, na kwamba shule mbili zenye mafundisho yanayopingana haziwezi kukaa kwa amani katika kijiji kimoja. Adui wa ngoma alielewa maana ya ngoma kabla ya wasomi wengi kuielewa.

Basi swali si kama historia ya burudani inastahili utafiti. Swali ni utafiti wa namna gani, kwa fedha ya nani, kwa lugha gani, na matunda yake yanakwenda wapi.

MTAFITI ALIYEKUJA NA KUONDOKA

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mkoloni akiwa bado madarakani, mtaalamu wa Kimarekani T. O. Beidelman alifika Ukaguru kufanya utafiti uliompatia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kazi yake haikuishia hapo. Kitabu chake juu ya Wakaguru kilitoka mwaka 1971. Cha wamisionari wa Ukaguru mwaka 1982. Cha fikra na maadili ya Wakaguru mwaka 1986. Cha jando na unyago, kiitwacho The Cool Knife, mwaka 1997. Na kile cha utawala wa kikoloni na jinsi ulivyoutiisha utamaduni wa Ukaguru, mwaka 2012. Mtu mmoja aliishi na mada moja kwa zaidi ya nusu karne.

Haki lazima itendeke hata kwa mgeni. Beidelman aliandika mambo ambayo bila yeye huenda yasingeandikwa: hadithi, mafumbo, nyimbo, utani, na jinsi mama na mjomba wanavyosimama katika ukoo wa Kikaguru. Wala hakuwa mpambe wa ukoloni. Kitabu chake cha 1982 kinawaweka wamisionari wenyewe mezani na kuwachunguza, kama wao walivyozoea kuwachunguza wengine. Na kile cha 2012 hakiufichi unyonge ambao utawala wa kupitia machifu uliwaletea wananchi. Kada anayemtupa kwa sababu tu ni mgeni atakuwa amejinyima silaha.

Lakini ukosoaji haukwepeki, na uko wa aina tatu. Kwanza, Mkaguru wa vitabu hivi ni mtu wa alama na maana zaidi kuliko mtu wa kazi. Tunaelezwa kwa kina kisu, moto, maji na rangi vinasimamia nini katika jando. Hatuelezwi kwa kina hicho hicho nini kilitokea kwa jando pale kijana alipokwenda kukata mkonge Kimamba na kurudi na mshahara. Pili, mafundisho ya jando na unyago yalikuwa na mipaka yake: nani ayasikie, lini, na kutoka kwa nani. Yakishachapishwa Marekani, kila mwenye fedha ya kununua kitabu ameingia kumbini. Je, nani alikuwa na mamlaka ya kufungua mlango huo? Somo dhaifu la maadili ya utafiti ni lile linaloishia kwenye kibali cha serikali bila kufika kwa kungwi mwenyewe. Tatu, vitabu vyote hivi viko kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyesimulia hadithi, akitaka kusoma alichosema babu yake, lazima kwanza avuke lugha ya mkoloni ambaye babu yake alikuwa akimlalamikia.

MTAFITI ALIYEZALIWA BEREGA

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokea tasnifu ya udaktari juu ya sanaa za maonyesho za jadi kama chombo cha elimu, mfano wake ukiwa sanaa za Wakaguru. Mwandishi wake, Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia wanamjua pia kwa jina la Penina Muhando, alizaliwa mwaka 1948 Berega, wilayani Kilosa. Miaka miwili kabla, mwaka 1981, alikuwa amekwishachapisha makala juu ya digubi, sanaa ya unyago wa Wakaguru, katika jarida la maigizo la Marekani.

Tofauti na mtangulizi wake haiko katika asili ya damu. Iko katika swali. Beidelman aliuliza: mambo haya yana maana gani kwa Wakaguru? Mlama aliuliza: mambo haya yanafanya kazi gani, na yakifa, kazi hiyo itafanywa na nani? Swali la kwanza linaweza kujibiwa Oxford. La pili linamrudisha mtafiti kijijini, kwa sababu jibu lake linadai hatua.

Aidha, swali hilo lilimwezesha kuikosoa hali ya baada ya Uhuru bila woga. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, akiunda wizara ya utamaduni, aliwaambia wananchi kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kikaanzishwa. Hata hivyo, katika maandishi yake ya miaka ya 1980 juu ya sera ya utamaduni, Mlama alionyesha kwamba ngoma ilikuwa ikigeuzwa kuwa kitu cha kumpokea kiongozi uwanja wa ndege na kupamba sherehe. Ngoma iliyokuwa ikifundisha kwa saa nyingi ikakatwa iwe ya dakika tano. Wachezaji wakabaki, mafundisho yakaondoka. Hivyo, kile alichokifanya mmisionari kwa kukataza, sisi tulikuwa katika hatari ya kukifanya kwa kupiga makofi.

Na tasnifu yake ilizaa. Tamthilia za Nguzo Mama, ya 1982, na Lina Ubani, ya 1984, zimejengwa juu ya usimulizi wa hadithi, na zimeandikwa kwa Kiswahili. Nguzo Mama haiuchukui urithi wa jadi kama ulivyo. Inautumia umbo lake kuuliza kwa nini wanawake wanashindwa kuisimamisha nguzo yao wenyewe. Hapa ndipo tunapoona jibu kwa wale wanaohofia kwamba kutafiti unyago ni kurudisha kila kilichosemwa unyagoni, hata kile kilichomfundisha msichana kunyamaza. Mtafiti mwenye msimamo hurithi chombo, kisha hukipima kilichomo. Sambamba na hayo, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, na baadaye Msoga, wilaya ya Bagamoyo, wakashirikiana na wanakijiji kutumia sanaa zao wenyewe kuchambua matatizo yao.

Lakini hata hapa ukosoaji una nafasi. Tasnifu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Makala ya digubi ilitoka ng'ambo. Mwandishi aliyeamua kwa makusudi kwamba tamthilia zake ziwe kwa Kiswahili, na aliyeutetea uamuzi huo hadharani, alilazimika kuandika nadharia yake kwa lugha nyingine, kwa sababu taratibu za taaluma ndivyo zilivyotaka. Hili si kosa la mtu mmoja. Ni mfumo unaomruhusu msomi kuwapa wananchi mchezo kwa lugha yao, lakini unamtaka awafiche hoja.

MBEGU YA ILONGA

Ili tuone uzito wa jambo hili, tusitoke nje ya wilaya. Ilonga, kilomita chache kutoka mji wa Kilosa, kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Mwaka huo huo wa 1983, mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi ulitoa mbegu mpya: Kilima, Staha na Kito. Mkulima hakuhitaji kusoma ripoti ya mtaalamu. Aliiona mbegu, akaipanda, akaikubali au akaikataa. Utafiti ulirudi shambani ukiwa na umbo ambalo mwenye shamba aliweza kulihukumu.

Tasnifu ya 1983 ilirudi Berega kwa umbo gani? Ilipigwa chapa, ikajalidiwa, ikawekwa maktaba ya Chuo Kikuu. Anayeihitaji lazima asafiri hadi Dar es Salaam, awe na kitambulisho, na ajue Kiingereza. Kati ya mbegu na tasnifu, zote zilitokana na jasho la umma. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha taifa alilipwa kwa fedha ya wananchi. Na katika wananchi hao walikuwamo wakulima wa pamba na wakataji wa mkonge wa Kilosa. Wao ndio waliokuwa wafadhili, ingawa jina lao halikuandikwa katika ukurasa wa shukrani.

Tunaposema utafiti umefadhiliwa, mara nyingi tunamaanisha fedha iliyotoka Ulaya au Marekani. Huo ni mtazamo finyu. Mzee anayekaa na mtafiti siku kumi akimwimbia na kumweleza ametoa siku kumi za kazi. Mama anayempikia ametoa chakula. Mwenye maarifa ametoa mtaji ambao bila huo shahada isingekuwapo. Mfadhili wa ng'ambo hutoa nauli na karatasi. Mfadhili wa kijijini hutoa kitu chenyewe. Lakini ripoti hupelekwa kwa yule wa kwanza tu.

Hali hii haikuishia miaka ya 1980. Vitabu vikubwa juu ya muziki na maigizo yetu vya karne hii, kama cha Kelly Askew cha 2002 juu ya Tanga, cha Laura Edmondson cha 2007 juu ya vikundi vya maigizo, na cha Alex Perullo cha 2011 juu ya muziki wa Dar es Salaam, vilitoka katika matbaa za vyuo vikuu vya Marekani. Ni kazi za bidii, na zimeheshimu ukweli. Lakini kada anayetaka kusoma kwa kina historia ya Tanzania One Theatre, kikundi kilichoanzishwa na Chama chake mwenyewe mwaka 1992, hujikuta akifungua kitabu cha Edmondson kilichochapishwa Indiana. Mfaransa akitaka kujua nyimbo za mikahawa ya Paris husoma Kifaransa. Sisi ndio tunaohitaji pasipoti ili tuingie katika historia ya vicheko vyetu.

MIKUMI: SWALI AMBALO HALIJAULIZWA

Kazi hizi za wasomi wawili zimekaa kaskazini, kwenye milima ya Ukaguru. Ukishuka kusini, kwa Wasagara na Wavidunda, hadi Mikumi, Kidodi na Ruaha, unakutana na historia nyingine. Hapa ndipo ilipopita barabara kuu ya Zambia. Hapa ndipo mwaka 1964 ilipotengwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hapa ndipo mashamba ya miwa ya Kilombero yalipokusanya wafanyakazi kutoka mikoa mingi, kila mmoja na ngoma yake. Huko Kilosa mjini na Kimamba, reli na mkonge vilikuwa vimefanya kazi kama hiyo mapema zaidi.

Mahali kama hapo panamdai mtafiti maswali ambayo kijiji cha kabila moja hakiyatoi. Terence Ranger, aliyekuwa profesa wa kwanza wa historia Dar es Salaam, alionyesha katika kitabu chake cha 1975 jinsi beni ilivyosambaa Afrika Mashariki, na jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana, Marini wakiwa watu wa tabaka la juu na Arinoti wa tabaka la chini. Katika stesheni na makambi ya Kilosa, nani alicheza na nani? Mnyapara na manamba walikaa katika uwanja mmoja? Bendi za Morogoro, kama Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilisikilizwaje na mkata miwa siku ya mshahara? Na ngoma inayochezwa mbele ya mtalii, kwa malipo, inabaki na mafundisho gani?

Asiyeona umuhimu wa maswali haya akumbuke uchaguzi wa 2015. Wananchi wa jimbo la Mikumi walimchagua kuwa mbunge Joseph Haule, yaani Profesa Jay, msanii wa muziki wa kizazi kipya, kwa tiketi ya CHADEMA, naye akakaa bungeni hadi 2020. Mwaka 2001 msanii huyo alikuwa ametoa Ndiyo Mzee, wimbo unaomkejeli mwanasiasa anayeahidi kila kitu. Sababu za ushindi wa uchaguzi ni nyingi, na hakuna anayeweza kuzifunga katika wimbo mmoja. Lakini kada aliyekuwa akiuita muziki huo kelele za vijana hakuwa na chombo cha kuelewa kilichokuwa kikisemwa mbele yake kwa miaka 14. Mwanasiasa asiyesikiliza burudani ya umma ni kama nahodha asiyetazama upepo.

KINACHOTAKIWA

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, kila tasnifu juu ya sanaa na burudani ya wananchi iambatane na maelezo kamili kwa Kiswahili, siyo muhtasari wa ukurasa mmoja, na nakala iwekwe katika shule na maktaba za wilaya ilikofanyika. Taasisi zetu za Kiswahili zimekwishathibitisha kwamba tasnifu ya udaktari inaweza kuandikwa kwa Kiswahili na ikawa na kina.

Pili, Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, hutoa vibali vya utafiti. Kibali cha kutafiti ngoma, jando au unyago kipimwe pia kwa swali hili: wenye sanaa wamekubali nini kichapishwe na nini kibaki kwao?

Tatu, kazi zilizokwisha kuandikwa zitafsiriwe. Tukianza na tasnifu ya Mlama na kitabu cha Beidelman cha 1982, mwanafunzi wa sekondari wa Kilosa atapata vitabu viwili juu ya kwao vinavyobishana, na ubishi ni mwalimu mzuri.

Nne, fedha yetu wenyewe itengwe, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya maswali ambayo mfadhili wa nje hana sababu ya kuyauliza. Hakuna anayelazimika kule ng'ambo kujali mkata miwa wa Ruaha aliimba nini. Tusipomlipia kijana wa Mikumi alitafiti jambo hilo, tusilalamike akilipiwa na wengine kutafiti jambo jingine.

Wakaguru, Wasagara na Wavidunda walikuwa na shule zao kabla ya kuja mtu yeyote mwenye daftari. Katika shule hizo, aliyefundishwa alitakiwa kurudi kijijini na kuonyesha alichojifunza mbele ya waliomtuma. Kipimo hicho kilimtosha mwari wa miaka 12 au 15. Hatuoni kwa nini kiwe kizito kwa daktari wa falsafa.